Joho jepesi bila karatasi ya kukatia

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Entebbe. Januari tunakwenda Kalangala, visiwani Ziwa Viktoria, na jamaa zangu, nami nataka kujishonea kitu chepesi cha kuvaa juu ya nguo ya kuogelea, na siku nyingine juu ya gauni lisilo na mikono. Nina mita 2 na nusu za shifoni ya maua, upana sentimita 150, pamoja na cherehani ya mkono aliyoniachia bibi. Sina karatasi ya kukatia. Nilijaribu kwanza kwa shuka kuukuu: nilikunja, nikatoboa shingo katikati, nikashona pembeni. Likawa gunia, na kila nikitembea linarudi nyuma hadi linanikaba koo. Nimekosea wapi? Sasa naogopa hata kuigusa shifoni na mkasi.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nikupongeze kwanza kwa kuharibu shuka. Wengi huniandikia shifoni ikiwa imeshakatwa, na hapo sina la kufanya ila kuwapa pole.

Tuanze na hilo koo linalokabwa. Ulikunja shuka, ukatafuta katikati ya mkunjo, ukachora duara na kulikata. Duara likagawanyika sawasawa, nusu mbele na nusu nyuma. Lakini shingo ya mtu haikai katikati namna hiyo. Simama ubavu mbele ya kioo ujitazame: shingo imeinamia mbele, na nyuma yake mgongo wa juu umejaa. Tundu lililokatwa katikati huacha nafasi ya bure nyuma na kubana mbele. Kila hatua nguo huteleza kuifuata nafasi ile, mpaka ukingo wa mbele ukagota kooni. Dawa yake ni kuukata mgongo kidogo sana, sentimita 2 tu chini ya mkunjo, na kina chote kilichobaki kukipeleka mbele. Mafundi wa kanzu wanalijua hili tangu zamani. Mtazame mzee yeyote aliyevaa kanzu, Mombasa au Masaka, uone kaba ilivyoshuka kifuani huku nyuma ikikaa juu kabisa shingoni.

Gunia nalo lina sababu yake. Ulishona pembeni kabisa mwa shuka, kwa hiyo upana wote uliokuwa wa mikono ukateremka hadi magotini. Mikono inataka upana, kiwiliwili hakiutaki. Lazima ukate chini ya kwapa.

Watu wakisikia "bila karatasi" hudhani ni bila vipimo. Sivyo. Fundi wa dera hana karatasi, wala wengi wanaokata gomesi, lile gauni la wanawake wa Uganda, pale Kampala hawana, lakini hakuna hata mmoja anayekata kabla hajashika futi na chaki. Kwa joho hili unahitaji vipimo vinne: urefu kutoka begani hadi unapotaka liishie, mzunguko wa nyonga, mzunguko wa mkono wa juu pale ulipo mnene, na umbali kutoka mfupa wa nyuma ya shingo, kupitia begani, hadi mkono wa nguo utakapofikia. Mwombe mtu akupime. Ukijipima mwenyewe utainama, na ukiinama futi inadanganya.

Nitatumia vipimo vyangu, nawe uweke vyako. Urefu 95, unaniishia kwenye goti. Nyonga 108. Mkono wa juu 34. Shingo hadi chini kidogo ya kiwiko 56. Vyote ni sentimita.

Kabla ya hesabu, kitambaa. Kipime upya nyumbani. Madukani kwetu vitambaa vingi huuzwa kwa yadi, na yadi ni sentimita 91 na kidogo, si 100. Yadi 2 na nusu ni kama sentimita 228. Joho litatoka humo pia, ila ni vizuri ujue ulichonacho.

Kisha chomoa nyuzi chache pembeni uzichome kwa kiberiti, mbali na kitambaa chenyewe. Zikiungua kama karatasi na kuacha majivu laini, ni pamba au reyoni. Zikinywea na kuacha kitone kigumu kinachonuka plastiki, ni poliesta, na shifoni nyingi ya madukani ndiyo hiyo. Poliesta haipungui ikifuliwa na hukauka upesi juu ya nguo ya kuogelea, ambalo ni jambo zuri, lakini haifyonzi jasho na haipendi pasi. Pasi ya mkaa ndiyo adui yake mkubwa: haina kipimo cha moto, na chembe moja ya kaa ikidondoka umepata tundu. Weka kitambaa cha pamba chenye unyevu juu yake, au usubiri pasi ipoe mpaka unaweza kuipitisha juu ya mfuko wa nailoni bila kuukunja. Ikiwa ni reyoni, ifue na kuianika kabla ya kukata maana hupungua, na ujue kwamba ikilowa inakuwa dhaifu. Usiikamue kwa nguvu ukitoka ziwani. Kama ungeniuliza kabla ya kununua ningekwambia utafute pamba nyepesi ya voili. Inapitisha hewa kuliko shifoni, tena inakaa pale unapoiweka. Lakini umeshanunua, basi tuendelee.

Sasa tandaza kitambaa sakafuni uyatazame maua. Je, yanaelekea pande zote, au yote yamesimama na vichwa juu? Yakiwa ya pande zote, unakunja kitambaa begani na mbele na nyuma vinatoka katika kipande kimoja, bila mshono begani. Yakiwa yamesimama, ukikunja hivyo mbele yatasimama na mgongoni yatakuwa miguu juu. Mimi nilijifunza hili kwa aibu. Nilimkatia mteja joho la leso, nikakunja begani bila kufikiri, na jina la leso, yale maneno yake, likakaa sawa mbele na kupinduka nyuma. Alilivaa harusini. Watu waliokaa nyuma yake walipinda shingo usiku kucha wakijaribu kumsoma. Kwa hiyo maua yakisimama, kata vipande viwili vya sentimita 98, vyote vichwa juu, uviunge begani. Unapata na faida: mabega yako yanateremka, na mshono wa begani unaweza kuteremka nayo, sentimita 3 kutoka shingoni hadi ncha ya mkono.

Nitaendelea kwa hali rahisi ya kipande kimoja. Urefu mara 2 ni 190, pamoja na pindo mbili za sentimita 2 ni 194. Kata 198 ili uwe na akiba ya kunyoosha. Upana: 56 na pindo la mkono 2, jumla 58, mara 2 ni 116. Upande wa kitambaa unabaki utepe wa sentimita 34 kwa 198. Usiutupe, tutarudi kwake. Urefu wa joho ufuate nyuzi za mtande, yaani zile zinazokwenda sambamba na ukingo wa kiwandani. Nguo iliyokatwa hanamu, yaani mshazari kwa nyuzi, bila kukusudia hujinyonga mwilini, na hakuna pasi itakayoinyoosha.

Shifoni inateleza, na hapo ndipo wageni wa kazi hii hulia. Mimi naipa wanga. Koroga vijiko 2 vya chakula vya wanga wa muhogo katika maji baridi kidogo, mimina juu yake maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka upate lita moja ya uji mwepesi unaong'aa, uchuje, uache upoe. Chovya kitambaa, kikamue taratibu, kianike kivulini, kipige pasi kikiwa na unyevu. Poliesta hushika wanga kidogo kuliko pamba, lakini hicho kidogo kinatosha kuigeuza kutoka maji kuwa karatasi. Ukimaliza kushona unaufua na unatoka wote. Usipotaka kazi hiyo, tandika karatasi nyeupe sakafuni, shikiza shifoni juu yake kwa pini, ukate vyote viwili pamoja. Gazeti usitumie, wino wake unahamia kwenye kitambaa.

Kunja kipande chako cha 198 kwa 116 mara moja tu, kiwe 99 kwa 116, ili mkunjo uwe begani. Tafuta katikati ya mkunjo uweke alama. Kutoka hapo pima sentimita 8 na nusu kulia na vivyo hivyo kushoto: huo ndio upana wa shingo. Upande wa nyuma chora tao jepesi linaloshuka sentimita 2 tu katikati. Upande wa mbele, kutoka kila alama chora mstari wa mshazari unaokutana na mwenzake katikati ya kifua, sentimita 25 chini ya bega. Kutoka hapo mstari mmoja unyooke hadi chini. Huo ndio mpasuko wa mbele.

Kabla ya kukata mpasuko huo, ingiza karatasi nyeupe iliyokunjwa au boksi bapa kati ya tabaka mbili. Nakusihi. Nimeona mafundi wa miaka 20 wakipasua mbele na mgongo kwa mkato mmoja, kisha wakasema ndiyo fasheni.

Sasa kiwiliwili. Nyonga 108, ongeza 16 za kupumulia, inakuwa 124. Gawa kwa 4, unapata 31, ongeza 1 na nusu ya mshono, 32 na nusu. Pima umbali huo kutoka mstari wa katikati kwenda kila upande, uchore mstari wima kutoka chini kwenda juu. Kina cha mkono: nusu ya mkono wa juu ni 17, ongeza 9 za nafasi na mshono, 26 kutoka mkunjo wa begani. Chora mstari wa kulala kutoka ncha ya mkono hadi ukutane na ule wa wima. Kona inayopatikana ndiyo kwapa, na usiiache kona. Weka sahani ndogo ya kikombe cha chai pale, uchore mviringo wake. Katika kanzu wanatia kikwapa, kile kipande cha mraba, na katika pamba ni kazi nzuri sana, lakini kikwapa cha shifoni kwenye mshono wako wa kwanza kitakufanya uuze cherehani. Kata tabaka zote mbili pamoja, polepole, mkasi usinyanyuke kutoka sakafuni.

Mara tu ukishakata shingo, kabla hujalinyanyua joho, piga mstari mmoja wa kushikilia kuizunguka, nusu sentimita kutoka ukingoni. Mishazari ile miwili ya mbele ni hanamu, na hanamu hurefuka kwa uzito wake yenyewe. Shingo iliyonyanyuliwa bila mstari huo inaweza kurudi mezani imepanuka.

Kuhusu cherehani ya bibi: usiidharau. Cherehani za zamani za mshono ulionyooka huwa na tundu moja dogo la duara chini ya sindano. Zile za kisasa zinazoshona pia zigizaga zina tundu pana, na shifoni huzama humo na kutafunwa. Kwa kitambaa hiki wewe una chombo bora kuliko jirani yako mwenye cherehani ya umeme. Ibadilishe sindano tu, uweke mpya ya namba 9 au 11; ukikuta humo sindano ya namba 14, hiyo ni ya kitenge, na itaacha msururu wa matundu. Uzi mwembamba wa poliesta, juu na kwenye bobini. Urefu wa mshono milimita 2. Anza kila mshono juu ya kipande cha karatasi, ukiwa umeshika ncha zote mbili za uzi kwa nyuma, kisha uingie kwenye kitambaa. Karatasi utaichana baadaye. Na kwa kuwa mkono mmoja utakuwa kwenye gurudumu, pini hazitakusaidia sana: piga bandi kwa mkono kwanza, hatua ndefu za sentimita 1, uzi wa rangi tofauti. Inachosha, ndiyo. Kufumua shifoni kunachosha zaidi, tena kunaacha alama.

Kitambaa kinachoonyesha kinaonyesha na mishono yake, kwa hiyo ubavu tunaushona mara mbili ili ncha zifichwe ndani. Weka migongo ya kitambaa ikitazamana, yaani uso wake ukiwa nje, ushone sentimita 0.6 kutoka ukingoni, mfululizo kutoka ncha ya mkono, kupitia kwapani, hadi chini. Punguza ncha zibaki 0.3. Pale penye mviringo wa kwapa tia vijikato vidogo visivyogusa mshono. Geuza, piga pasi, sasa nyuso zikitazamana, ushone tena sentimita 0.8. Hakuna uzi utakaoning'inia, wala huhitaji kwenda kwa mwenye mashine ya kuzungushia uzi kwenye ncha. Ukitaka nafasi ya kupanda na kushuka, acha sentimita 25 za chini wazi kila upande na uzikunje pindo.

Halafu liache. Litundike kwenye hanga usiku mzima. Asubuhi utakuta sehemu nyingine zimeshuka kuliko nyingine. Livae, mtu akuzungukie na rula kutoka sakafuni aweke alama, ukate sawa. Ndipo upige pindo la chini na la mikono. Pindo la shifoni haliendi kwa kukunja mara mbili na kuomba Mungu. Shona mstari mmoja sentimita nusu kutoka ukingoni. Kunja juu ya mstari huo, shona tena karibu kabisa na mkunjo. Punguza ziada kwa mkasi mkali. Kunja mara ya mwisho, shona. Mistari mitatu, lakini pindo linatoka jembamba kama uzi wa kamba ya kiatu, na halijinyongi.

Sasa ule utepe wa 34 kwa 198. Kata humo vipande 2 vya upana 8 na urefu 110, uviunge ncha kwa ncha. Kiungo kikae katikati ya shingo nyuma. Huu ni ukanda wa kumalizia mbele yote: shona upande mmoja kwenye ukingo wa joho, kuanzia shingoni kwenda chini, kulia halafu kushoto, usianze chini kwenda juu kwa maana utafika shingoni na ziada isiyo na pa kwenda. Kunja sentimita 1 ya upande wa pili, pindua ukanda uufunike mshono, ushikize kwa mkono au kwa cherehani. Ncha za chini zitumbukize ndani. Unabaki na ukanda wa sentimita 3 unaoipa nguo uzito mbele, ili isipeperuke kama pazia.

Na itapeperuka. Juu ya kivuko kinachotoka Nakiwogo, gati la hapo Entebbe, upepo wa ziwani hauna heshima na nguo iliyo wazi mbele, na safari ni ya saa tatu na zaidi. Kwa hiyo kipande kilichobaki, upana 18, kikunje kwa urefu, ukishone na kukipindua kuwa mshipi, na utie vitanzi viwili vya uzi kiunoni vya kuushika. Ndiyo sababu nimeliishiza magotini pia: joho la kuburuta si la kupandia chombo, na mikono mipana inayofika viganjani hujikunja vibaya ndani ya jaketi la kuokolea.

Ukiwa bado unaogopa, chukua leso moja usiku huu, ile ya sentimita 150 kwa 110 au karibu na hapo. Ikunje kwa urefu iwe 150 kwa 55. Kwenye kila ncha fupi shona kutoka upande ulio wazi kwenda kwenye mkunjo, sentimita 30, ukiacha 25 za mwisho wazi. Hapo ndipo mikono itatokea. Huhitaji mkasi kabisa, na siku ukichoka unafumua mishono miwili na leso inarudi kuwa leso. Ivae nyumbani siku mbili, uone mikono inavyoelekea na mgongo unavyokaa, ndipo uitandaze shifoni.